Basi la flaiwili Léopoldville, 1955 hadi 1959: uchambuzi wa kisa

Kisa chenyewe kwa kifupi

Kuanzia 1955 jiji la Léopoldville, Kongo ya Wabelgiji, ambalo leo ndio Kinshasa, lilikuwa na mabasi 12 ambayo hayakuwa na injini ya dizeli, hayakubeba betri za kuendeshea, na wala hayakushikilia nyaya za juu muda wote kama trolibasi. Yalitembea kwa nguvu iliyowekwa kwenye gurudumu moja la chuma lenye uzito wa tani 1 na nusu, linazunguka ndani ya boksi lililofungwa chini ya sakafu. Gurudumu hilo ndio flaiwili, na basi lenyewe liliitwa jairobasi. Katikati ya 1959 yote yakaondolewa barabarani, dizeli ikachukua nafasi.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu watu wengi wakiongelea flaiwili wanaishia kwenye sifa zake, inachaji haraka, haichoki kama betri, haina kemikali, na yote ni kweli kabisa. Lakini hapa kuna mradi uliokuwa na wahandisi wazuri, fizikia iko sahihi, abiria wapo, na bado ukafa ndani ya miaka minne hivi, na sababu zake unaweza kuzipata kwa kalamu na karatasi. Majina ya madereva, mafundi na wakubwa wa kampuni ya mabasi nimeyaacha nje. Jiji na mtengenezaji nimevitaja kwa sababu ni historia iliyo wazi, na bila hivyo namba zenyewe hazitaeleweka.

Flaiwili inatunzaje nguvu

Umeshaiona, hata kama hujui inaitwaje. Cherehani ya miguu ina gurudumu zito kule chini, ukiacha kukanyaga sindano bado inashona vidole kadhaa vya kitambaa kabla haijasimama. Mashine ya kusaga ya zamani, ile ya dizeli ya silinda moja, ina magurudumu makubwa mazito pembeni, na kazi yake ni kwamba pistoni inasukuma mara moja tu katika kila mizunguko miwili, sasa muda wote ule mwingine ambao pistoni haisukumi, gurudumu ndio linabeba mzigo. Bila hilo mashine ingekuwa inakohoa na kuzima kila ukimimina mahindi. James Watt alifanya hivyo hivyo kwenye injini zake za mvuke miaka ya 1780, na wafinyanzi wa kale walishajua siri hii maelfu ya miaka kabla yake.

Kwenye mifano yote hiyo gurudumu linasawazisha tu, linashika nguvu kwa nusu sekunde au sekunde chache. Kuitunza kwa dakika nyingi na kuendeshea gari ni habari nyingine, na hapo ndipo hesabu inabidi iingie.

Nguvu iliyoko kwenye gurudumu linalozunguka inategemea vitu viwili. Cha kwanza ni uzito na mahali uzito ulipokaa, kilo moja iliyoko kwenye ukingo inafanya kazi kubwa kuliko kilo moja iliyoko karibu na ekseli. Cha pili ni kasi, na kasi inahesabiwa kwa mraba. Ukizidisha uzito mara 2 unapata nguvu mara 2, ukizidisha kasi mara 2 unapata mara 4. Kwahiyo kila mtu aliyewahi kutengeneza flaiwili anatamani izunguke haraka zaidi, ila kuna ukuta: nguvu inayotaka kulipasua gurudumu nayo inapanda kwa mraba wa kasi. Chuma kinafika mahali kinasema basi.

Flaiwili ya jairobasi ilikuwa na kipenyo cha mita 1.6 na ilizunguka mpaka mara 3000 kwa dakika. Fanya hesabu ya ukingo wake: unakwenda mita 250 kwa sekunde, yani kama kilomita 900 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria, na abiria wamekaa juu yake. Ukiichukulia ni diski ya kawaida isiyo na mapambo, nguvu yake ikijaa inakuja kama yuniti 6.6 za umeme, hizi hizi yuniti tunazonunua za nyumbani. Ukingo ukiwa mnene inaongezeka kidogo. Na huwezi kuitumia yote, kwa sababu ikishapungua kasi mpaka nusu tayari umeshatoa robo tatu ya nguvu, na kilichobaki kinakuwa kigumu kukitumia. Kwahiyo za matumizi tuseme yuniti 5 kwa makadirio ya haraka.

Yuniti 5 kwenye tani 1 na nusu ya chuma. Betri za risasi za uzito huo huo zingebeba zaidi ya yuniti 45. Hapo mtu anauliza, sasa kwanini wasitumie betri? Jibu lipo kwenye chaji. Betri ya risasi ya wakati ule ilihitaji masaa kujaa, na ukiichaji na kuimaliza mara nyingi kwa siku inakufa mapema. Flaiwili inajaa kwa dakika, na inaweza kurudia hivyo maelfu kwa maelfu ya mara bila chuma kulalamika.

Usuli: Uswisi, na kwanini waliona inafaa

Mtengenezaji alikuwa Maschinenfabrik Oerlikon wa Zürich, na wazo lilitoka kwa mhandisi wao Bjarne Storsand miaka ya 1940. Walikuwa na tatizo la kweli. Kulikuwa na njia nyingi ambazo abiria sio wengi kiasi cha kulipia nguzo na nyaya za trolibasi kila mita, lakini Uswisi ilikuwa na umeme wake wa maji na mafuta ya kuagiza nje. Wakataka basi la umeme lisilohitaji waya njia nzima.

Basi la majaribio likaonekana 1950, na Oktoba 1953 huduma ya kweli ikaanza mji wa Yverdon, kutoka hapo kwenda Grandson, njia ya kilomita 4 na nusu hivi, pembeni ya ziwa, tambarare, lami safi, mabasi 2 tu.

Maamuzi ya kiufundi waliyofanya yanafaa kuangaliwa moja moja maana kila moja lilikuwa na akili yake. Flaiwili waliilaza, ekseli ikasimama wima. Gurudumu linalozunguka kwa kasi halipendi ekseli yake igeuzwe, ukitaka kuhakikisha chukua gurudumu la baiskeli, lishike kwa ekseli mikono miwili, mtu alizungushe, halafu jaribu kuliinamisha, utaona linavyogoma na kwenda upande usiotaka. Ekseli ikiwa wima basi linaweza kukata kona kulia na kushoto bila shida yoyote, kwa sababu kona haiinamishi ekseli.

Boksi la flaiwili halikujazwa hewa ya kawaida bali haidrojeni, tena kwa mgandamizo pungufu wa bar 0.7 hivi. Haidrojeni ni nyepesi sana, inalizuia gurudumu kidogo kuliko hewa, na pia inapoza vizuri. Kituoni basi lilisimama chini ya nguzo, mikono mitatu ya paani ikainuka ikagusa umeme wa fezi tatu, mota iliyoungwa na flaiwili ikaizungusha. Basi likiondoka mota ile ile inageuka jenereta, kapasita (vifaa vinavyoshika umeme kwa muda mfupi) zinaisaidia kuanza kuzalisha, umeme unakwenda kwenye mota ya matairi. Ukishika breki inarudi kinyume, mwendo wa basi unarudisha nguvu kwenye flaiwili. Hiyo ilikuwa 1953, jamani. Leo tunaona gari linalorudisha umeme kwa breki ni jambo la juzi.

Chaji ilichukua sekunde 30 mpaka dakika 3. Walipotaka ipungue wakapandisha umeme wa kituo kutoka volti 380 kwenda 500. Basi lililojaa lingeweza kwenda mpaka kilomita 6 kwenye njia ya tambarare kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa.

Kilichotokea Léopoldville

Hesabu miezi kwanza. Yverdon imeanza Oktoba 1953 na mabasi 2. Léopoldville inaanza 1955. Yani jiji kubwa la tropiki lilipokea mabasi 12, wakati teknolojia yenyewe ina uzoefu wa chini ya miaka miwili na mabasi mawili pembeni ya ziwa la Uswisi. Mji wa tatu, Gent wa Ubelgiji, ulikuja kuanza 1956, kwahiyo wakati Léopoldville wanaagiza, Gent haikuwepo ya kujifunzia.

Na mabasi yenyewe yakakuzwa. Ya Léopoldville ndio yalikuwa jairobasi makubwa kuliko yote, urefu mita 10.4, uzito tani 10.9 bila watu, yakibeba hadi abiria 90. Njia zilikuwa 4, kama kilomita 20, na vituo vya chaji viliwekwa kila baada ya kilomita 2 hivi. Kwa jiji linalokua haraka, lisilo na visima vya mafuta vilivyofunguliwa, uamuzi wa kutumia umeme haukuwa wa kijinga hata kidogo, na kuweka nguzo chache badala ya nyaya njia nzima kuliokoa pesa nyingi mwanzoni.

Shida zikaanza kujionyesha kwa kuchakaa. Mabasi yaliharibika haraka kuliko ilivyotegemewa, beringi za flaiwili zikawa zinavunjika, na unyevu wa hali ya hewa ya kule ukaziathiri mota za kuendeshea, zikawa zinazidiwa. Katikati ya hayo ikajulikana kwamba madereva walikuwa wanachepuka, wanakata njia za panya kwenye barabara za udongo zisizo na lami, ambazo mvua ikinyesha zinageuka kuwa tope tupu. Na Kinshasa mvua sio ya mchezo, msimu wake ni kama Oktoba mpaka Mei, kiangazi ni miezi michache tu katikati ya mwaka.

Kwenye maelezo mengi ya kisa hiki hapa ndipo mtu anafunga faili: madereva walipitisha mabasi matopeni, mabasi yakafa. Mimi nakataa kuishia hapo, ila kwanza tuipe tope haki yake.

Hesabu ya tope

Basi la tani 10.9 likijaa watu 90 linafika kama tani 17. Kwenye lami nzuri, msuguano wa matairi peke yake unakula kama nusu yuniti kwa kilomita. Kwenye tope au mchanga mlaini msuguano huo unaweza kuwa mara kumi, kwahiyo unaongelea yuniti 4 na nusu kwa kilomita moja. Flaiwili nzima ina yuniti 5 za matumizi. Kilomita moja ya tope mbaya imemaliza chaji.

Weka na kuondoka kituoni. Kulifikisha basi hilo lililojaa kilomita 50 kwa saa kunahitaji karibu nusu yuniti kila mara, na breki inarudisha sehemu tu. Kupanda kilima cha mita 30 ni kama yuniti 1.4. Ukizijumlisha unaona kwanini vituo viliwekwa kila kilomita 2 wakati makaratasi yanasema basi linafika 6. Waliopanga njia walijua. Dereva naye anajua mshale wa flaiwili unashuka, anajua kituo cha chaji kinachofuata kipo wapi, abiria wamejaa na ratiba inamkimbiza, na mbele yake kuna barabara ya udongo inayofupisha safari. Ukikaa kwenye kiti chake, njia fupi inaonekana kama njia ya kuokoa chaji. Mvua ikiwa imenyesha ndio kwanza anaimaliza.

Lakini ubaya mkubwa wa ile barabara ulikuwa kwenye beringi. Kumbuka ekseli imesimama wima ili kona zisisumbue. Barabara yenye mashimo hailigeuzi basi kulia na kushoto tu, inaliyumbisha, pua inainuka na kushuka, ubavu unalala huku na kule, na hiyo ndio miendo miwili inayoinamisha ekseli. Nilipiga hesabu kwa flaiwili ile ikiwa imejaa: basi likiyumba kwa kasi ya nyuzi 11 kwa sekunde, ambalo kwenye mashimo ni jambo la kawaida kabisa, gurudumu linasukuma beringi zake kwa msokoto wa nyutonimita 30,000. Ni sawa na kuning'iniza tani 3 kwenye mkono wa mita 1. Halafu unaachia, unaning'iniza upande wa pili, halafu tena, asubuhi mpaka jioni, wakati beringi hizo hizo zinabeba tani 1 na nusu inayozunguka mara 50 kwa sekunde. Fundi yeyote wa magari akisikia hivyo hahitaji kuambiwa mwisho wake.

Kwahiyo uamuzi wa kulaza flaiwili, ambao Yverdon ulikuwa sahihi kabisa, ulikuwa umebeba sharti ndani yake ambalo halikuandikwa popote kwenye usukani: barabara iwe laini, isiyo na mashimo.

Matokeo

Kampuni ya mabasi ilipima na kukuta kila jairobasi linakula yuniti 3.4 kwa kilomita. Wakasema hapana, gharama hiyo haiwezi kulipika. Katikati ya 1959 mabasi ya dizeli yakaingia. Beringi na mota zilichosha watu, ila kwenye maamuzi ya mwisho namba iliyotajwa ni hiyo ya umeme.

Kwa kulinganisha, basi la umeme la siku hizi la urefu wa mita 12 linatumia yuniti 1 mpaka 1 na nusu kwa kilomita.

Ukiwalaumu madereva, Gent inakukatalia

Gent walikuwa na mabasi 3, njia ya kwenda Merelbeke, Ubelgiji kabisa, hakuna tope la Oktoba wala unyevu wa mto Kongo. Yakaondolewa 24 Novemba 1959, miezi michache tu baada ya Léopoldville. Malalamiko yalikuwa ni yale yale: hayaaminiki, yanakaa gereji zaidi ya barabarani, mazito mpaka yanaharibu barabara, na yanakula umeme, yuniti 2.9 kwa kilomita, wakati tramu, yani gari la umeme la reli za mjini, iliyobeba watu wengi zaidi ilitumia 2.0 mpaka 2.4. Yverdon nako, kwenye lami yake nzuri, huduma ikafungwa Oktoba 1960.

Angalia tofauti: Gent 2.9, Léopoldville 3.4. Nusu yuniti. Na ndani ya nusu yuniti hiyo kuna tope, unyevu, joto, pamoja na ukweli kwamba basi la Léopoldville lilikuwa limebeba watu hadi 90. Ukigawa kwa kichwa cha abiria inawezekana kabisa Léopoldville haikuwa mbaya kuliko Gent. Kwahiyo lile tope ambalo kila mtu analitaja limeongeza kidogo tu kwenye bili ya umeme, sehemu kubwa ya bili ilikuwemo tayari ndani ya mashine tangu inatoka Zürich.

Ilikuwa inatoka wapi? Fuata umeme ulivyosafiri. Trolibasi: waya, mota, tairi. Jairobasi: waya, mota, flaiwili, jenereta, mota nyingine, tairi. Tuchukue kila mashine inakula asilimia 10 tu. Trolibasi inafikisha 90 kati ya 100, jairobasi inafikisha 73. Halafu kuna uvujaji wa kusimama: flaiwili ikishajazwa inaendelea kupoteza kwenye beringi na kwenye ile haidrojeni, basi likiwa na abiria au halina, likiwa kwenye foleni, dereva akiwa anakula, muda wote. Dizeli ukizima imezima, tenki linakusubiri mpaka kesho. Halafu tani 1 na nusu ya gurudumu, ukiongeza boksi lake na fremu ya kulibeba, inasafirishwa kila kilomita kila siku, na uzito huo unakula sehemu ya nguvu ile ile ambayo gurudumu linaibeba.

Hayo matatu hayarekebishwi kwa kumkaripia dereva. Inaniuma kidogo kuona kisa kinasimuliwa kana kwamba mradi ulikuwa mzuri na Wakongo wakauharibu kwa kupita njia za panya. Chombo cha usafiri kinachokuja mji ambao mitaa mingi ni ya udongo kinatakiwa kistahimili udongo, hilo ni jukumu la aliyechagua chombo.

Kilichofanya kazi

Nisije nikaonekana naikandia flaiwili, maana mengi yalifanikiwa. Kuchaji kituoni kwa dakika chache kulifanya kazi, kila siku, miji mitatu, nchi tatu. Kurudisha nguvu kwa breki kulifanya kazi. Gurudumu lenyewe, chuma kile cha tani 1 na nusu kinachokwenda mwendo wa ndege chini ya miguu ya watu, lilitunza nguvu kama fizikia ilivyoahidi. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na kelele za injini. Na uamuzi wa kuhama kutoka volti 380 kwenda 500 unaonyesha mtengenezaji alikuwa anasikiliza barabara inasema nini na kurekebisha.

Kilichofeli kwenye maamuzi

Kosa la kwanza kwangu ni ratiba. Mabasi 12 kwa mpigo, kwenye mazingira ambayo hakuna hata jairobasi moja lililowahi kupitia. Basi 1 lingekaa Léopoldville kutoka Oktoba mpaka Mei, msimu mmoja tu wa mvua, mota zingeonyesha ugonjwa wao wa unyevu, beringi ya kwanza ingevunjika, na mita ingesema yuniti ngapi kwa kilomita, yote hayo kabla ya kusaini mengine.

La pili ni kipimo kilichoangaliwa. Umbali wa kilomita 6 kwa chaji ni namba ya kuuzia, imepimwa tambarare. Namba ya kuendeshea biashara ni yuniti kwa kilomita kutoka kwenye mita ya gridi, pamoja na uvujaji wa kusimama, na hiyo ndio iliyokuja kuua mradi mwishoni, wakati ingeweza kuulizwa mwanzoni.

La tatu, basi lilikuzwa lakini nafasi ya makosa haikukua nalo. Umeongeza watu mpaka 90, kila kuondoka kituoni kunakula zaidi, kila kilima kinakula zaidi, na gurudumu bado lina mita 1.6 na mizunguko 3000. Dereva amebakiwa na akiba ndogo sana, kilomita moja mbaya inatosha kumwacha njiani. Mtu anayeendesha chombo chenye akiba ndogo atatafuta njia fupi tu, hata umkataze.

Na la nne ni beringi, ambalo kwa miaka ile naona halikuwa na dawa. Beringi za mipira ya chuma, mzigo huo, kasi hiyo, barabara hiyo. Dawa ilikuja kupatikana miongo kadhaa baadae.

Teknolojia ilienda wapi baada ya hapo

Ukiorodhesha magonjwa ya jairobasi unapata karibu ramani nzima ya maendeleo ya flaiwili. Hewa inakula nguvu? Wakaja na vakyumu, yani boksi lililonyonywa hewa yote, badala ya haidrojeni. Beringi zinachoka? Wakaja na beringi za sumaku ambazo ekseli inaelea haigusi kitu. Chuma kinapasuka ukiongeza kasi? Wakaja na nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na imara, zinaruhusu kasi kubwa, na zikifeli zinafumuka nyuzi nyuzi badala ya kurusha mapande ya chuma. Mtambo wa Beacon Power kule Stephentown, jimbo la New York, ulianza 2011 ukiwa na flaiwili 200 za aina hiyo, zinazofika mizunguko 16,000 kwa dakika, kila moja yuniti 25 hivi, pamoja megawati 20, kazi yake ni kunyonya na kutoa umeme kwa dakika chache ili masafa ya gridi (mapigo ya umeme kwa sekunde) yasiyumbe. Zimefungwa chini, kwenye zege, haziyumbi. Yule adui wa Léopoldville hayupo kabisa.

Kule kwenye utafiti wa nishati ya muungano wa atomi, mtambo wa JET pale Culham, Uingereza, ulikuwa na flaiwili 2 za tani 775 kila moja, kwa sababu kila jaribio lilihitaji megawati mamia kwa sekunde chache na gridi ya taifa isingevumilia kushtuliwa hivyo. Nako pia, zilikaa sehemu moja bila kusafirishwa.

Kwenye magari flaiwili ilirudi ikiwa ndogo. Audi walishinda mbio za magari za Le Mans 2012 kwa gari lenye flaiwili, inabeba nguvu ya breki kona moja na kuitoa kona inayofuata, haitunzi kwa dakika nyingi. Na mji wa Stourbridge, Uingereza, tangu 2009 kuna vigari vya reli vyenye flaiwili ya kama kilo 500 vinavyokwenda na kurudi kwenye kipande cha kilomita 1.3 tu, injini ndogo ya gesi inaisaidia. Reli haina mashimo, safari ni fupi, kituo kiko kila mwisho. Ni Yverdon iliyofanywa kwa unyenyekevu zaidi.

Lile wazo la kuchaji kituoni nalo halikufa. Oerlikon ilimezwa na Brown Boveri 1967, na Brown Boveri ikaja kuwa sehemu ya ABB 1988. Mwaka 2013 ABB hao hao walionyesha Geneva basi linaloitwa TOSA, linasimama kituoni, mkono unainuka kutoka paani, linapigwa chaji sekunde 15 au 20, linaondoka. Ndani kuna betri badala ya gurudumu. Ni sura ile ile ya jairobasi, miaka 60 baadae, tena nchi ile ile.

Sasa mabasi ya umeme yanaingia Nairobi na Kigali, nayafuatilia kwa hamu kubwa kwa kweli, nataka yafanikiwe. Kila nikisoma tangazo natafuta zile namba ambazo Léopoldville walizipata wakiwa wamechelewa: yuniti kwa kilomita basi likiwa limejaa, zikiwa zimesomwa kwenye mita ya kituo cha chaji na sio kwenye dashibodi, mwezi wa Aprili na sio Januari, kwenye njia ambayo lile basi linapita kweli pamoja na vile vipande vya udongo ambavyo ramani ya njia haivionyeshi. Na ya pili, basi likifika kituo cha mwisho limebakiwa na akiba kiasi gani, maana hiyo ndio inayoamua dereva atakata kona wapi.